Mashine ya presha kwa simiti: Osha, lakini usichore floo ya mtu

Umeazima mashine ya presha kutoka kwa wasee wa kuosha magari, na kuna mdosi amekuitia kazi ya kusafisha simiti kutoka getini hadi mlangoni. Poa sana, doo iko. Lakini msee, kabla ubonyeze ile bunduki, jua kitu moja: simiti inakaa ngumu, lakini inachorwa na maji. Ukishaiacha na mistari kama pundamilia, hakuna sabuni itaitoa.

Iko hivi. Juu ya simiti kuna ngozi nyembamba ya saruji na mchanga laini, ile fundi alipiga na mwiko. Kokoto ziko chini yake. Presha ikikaa pahali pamoja inaing'oa hiyo ngozi, kokoto zinaanza kuchungulia, na hapo panabaki na vishimo vidogo vya kushika matope na ukungu wa kijani. Mvua ikikuja, hiyo floo inachafuka mbio kuliko venye ulipata. Simiti mpya ndio mbaya zaidi. Kama haijafikisha siku 28 tangu imwagwe, wachana nayo kabisa.

Sasa angalia nozo, juu hapo ndio wengi huchoma. Mashine nyingi huja na nozo za rangi. Nyekundu ni nyuzi 0, maji yanatoka kama sindano. Hiyo iache kwa boksi. Njano ni nyuzi 15, kijani 25, nyeupe 40, na nyeusi ni ya kumwaga sabuni kwa presha ya chini. Anza na kijani. Ikikataa kutoa uchafu, sogea karibu kidogo kabla ufikirie njano. Na kuna ile nozo ya kuzunguka, wengi huiita tabo. Inang'arisha vizuri, lakini ndani ni mkondo wa nyuzi 0 unaozungushwa, so usiipeleke kwa simiti iliyochoka.

Fagia kwanza. Mchanga ukibaki, presha inaurusha kwa madirisha na kwa miguu yako. Kama kuna oili ya gari, mwagia vumbi la mbao inyonye, kisha sugua na sabuni ya unga na brashi ngumu, uache dakika kumi hivi bila kukauka. Maji matupu hayatoi oili, yanaitandaza tu. Halafu jaribu kona yenye haionekani sana.

Bonyeza bunduki ikiwa imeangalia kando, ndio uilete kwa floo ikiwa tayari inasonga. Shika kama sentimita 30 juu, ukiinamisha kidogo, na kila mpigo ulalie ule wa kwanza kwa nusu. Usisimame. Anzia juu ya mteremko ili uchafu ushuke mbele yako, na usipige moja kwa moja ndani ya nyufa.

Maji nayo yanahitaji hesabu. Mashine ya lita 8 kwa dakika inamaliza drami ya lita 200 kwa dakika 25. Kwa mtaa wenye maji hukuja siku mbili kwa wiki, uliza mapema kama tangi imejaa. Maji yakiingia kidogo, pampu inaanza kutetemeka na kukohoa; zima, uangalie kichujio na paipu ya kuingiza. Pia usiache injini ikinguruma dakika nyingi bila kubonyeza bunduki. Maji yanazunguka tu ndani, yanachemka, na sili za pampu zinaisha. Hiyo mashine si yako, kumbuka.

Kama ni kabro, cheza chini zaidi. Kati ya zile tofali kuna mchanga unaozishikilia, na presha huufukua haraka. Tumia nyeupe, inamisha bunduki sana, na ikikauka fagilia mchanga mkavu kwa zile nafasi. Ukiruka hiyo, kabro zitaanza kucheza gari ikipita.

Kwa usalama hakuna mzaha. Patipati ziache kwa keja, vaa gambuti na miwani. Maji ya presha yakikuingia mkononi, kidonda kinaweza kukaa kadogo kama kimechomwa na pini, na ndani nyama imeharibika. Usingoje kivimbe: enda hosi hapo hapo, uwaambie ni mashine ya presha. Ya petroli usiiwashe ndani ya gereji iliyofungwa, moshi wake una kaboni monoksaidi, haina harufu na inaua. Ya stima, hakikisha kiungo cha ekstensheni hakijalala kwa maji. Na ukitumia Jik kwa ukungu, usiichanganye kamwe na dawa ya choo yenye asidi, inatoa gesi ya klorini. Hiyo asidi pia hula simiti.

Bei piga kwa mita ya mraba, si kwa macho. Kabla uanze, tembea na mwenye nyumba, piga picha za nyufa na madoa ya zamani, na umwambie hapo hapo kuwa oili iliyokaa miaka inaweza kufifia tu bila kuisha. Hizo picha zitume kwa simu yake kabla ufungue maji.