Usasa na Baada-usasa

Wiyoni, katika mji wa Lamu, utakuta makuti, mabati na matofali katika nyumba moja. Msomi wa nadharia akiiona huenda akasema upesi: huu ndio usasabaadaye. Atakuwa amekosea, na kosa lake litatusaidia kuzitenga istilahi mbili.

Usasa ni vuguvugu la sanaa na ujenzi lililopamba moto Ulaya mwanzoni mwa karne ya 20. Wafuasi wake waliamini kwamba mazoea ya kale yamechakaa na kwamba akili itabuni umbo jipya lenye kuwafaa watu wote. Le Corbusier, msanifu majengo, aliiita nyumba mashine ya kuishi. Kwetu pwani, imani hiyo imesimama Michenzani, Unguja: maghorofa marefu yaliyonyooka kama rula, yaliyojengwa baada ya Mapinduzi ya 1964 kwa msaada wa Ujerumani Mashariki.

Vuguvugu la pili, hilo la usasabaadaye, lilizaliwa na shaka. Mwaka 1979 mwanafalsafa Mfaransa Jean-François Lyotard alilieleza kuwa ni kutoziamini tena simulizi kuu, zile zinazodai kujua safari ya wanadamu wote. Mwandishi Euphrase Kezilahabi alitufikishia shaka hiyo kwa Kiswahili. Riwaya yake Rosa Mistika (1971) bado inafuata maisha ya msichana hatua kwa hatua. Lakini katika Nagona (1990) wakati na mahali vinavunjika, na ukweli unaotafutwa hauna mwenyewe.

Na nyumba ya Wiyoni? Mchanganyiko wake umeletwa na mfuko: bati limepatikana mwaka huu, tofali litapatikana Mungu akijaalia. Mwenyewe hapingi simulizi yoyote, anawasitiri wanawe. Anayejenga kwa saruji kisha akatia zidaka (vishubaka vya ukutani) zisizowekewa chombo, ili ukuta uzungumze na Lamu ya kale, huyo ndiye aliye karibu na vuguvugu hili, kwani anachanganya kwa kukusudia.

Sasa jina. Wapo wasemao “usasaleo”, lakini sasa na leo ni ndugu, na ile shaka haisikiki. “Usasabaadaye” nao wanielekeza mbele, kwa kuwa baadaye kwa Mswahili ni jambo lijalo. Mimi nachagua “baada-usasa”. Tunaposema baada ya dhiki faraja, faraja hiyo haieleweki bila dhiki iliyoitangulia. Vivyo hivyo, asiyeujua usasa hataijua shaka iliyoufuata.