Zawadi Hii Tuiiteje?

Somo letu latoka katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 16, aya ya 18 hadi 20, pale Musa anapowaagiza Waisraeli waweke waamuzi katika miji yao yote, na kuwakataza waamuzi hao wasipokee rushwa. Mwenye Biblia karibu na aifungue.

Iko zawadi moja iliyowasumbua watu wa lugha nyingi. Si malipo ya kazi, wala haikuletwa kwa ajili ya shauri la leo. Mtu humpelekea mkubwa kondoo, au debe la asali, au bahasha, naye haombi kitu. Asema, "Ni salamu tu, mzee." Mwezi wapita, miezi sita yapita, kisha siku moja abisha hodi, na safari hii ana shida yake mkononi. Sasa yule kondoo wa mwezi wa kwanza tumwiteje? Alikuwa zawadi? Alikuwa rushwa? Au alikuwa mkopo ambao mkopaji hakuambiwa kwamba anakopa?

Kiswahili hakikosi majina. Tuna hongo, rushwa, mlungula, bakshishi na takrima. Hapa Kenya tukaongeza chai na kitu kidogo, kana kwamba dhambi ikipewa jina dogo nayo hupungua uzito. Kila jina lina historia yake, na hebu tutazame mawili matatu.

Neno hongo lilisafiri sana na misafara ya karne ya 19. Msafara uliotoka Bagamoyo kwenda Unyanyembe ulivuka nyika ya Marenga Mkali, isiyo na maji ya kunywa, kisha ukaingia Ugogo. Nchi ile ni kame, na visima na malambo yalikuwa chini ya watemi wa Wagogo. Msafiri hakuchota tu. Alipiga kambi, akatuma wajumbe, na mabishano yakaanza: doti ngapi za merikani, ngapi za kaniki, ngapi za nguo za rangi. Burton alilipa huko mwaka 1857, Stanley akalipa mwaka 1871, na wote wawili wakanung'unika sana katika vitabu vyao. Wamisionari wa CMS waliopita njia ile miaka ya 1870 kwenda Buganda nao walilipa. Lakini angalieni jambo hili: hongo ile haikuwa ya kificho. Wapagazi waliijua, wanakijiji waliiona ikipimwa kwa mkono juani, na aliyeilipa alijua amepata nini: maji, chakula cha kununua, na ruhusa ya kupita. Ilikuwa ushuru. Utawala wa Wajerumani ulipoimarika miaka ya 1890, watemi waliondolewa mamlaka ya kutoza. Jina likabaki, na leo ukisema hongo hakuna anayefikiria kisima cha Ugogo. Nionavyo mimi, jina lile lilionewa kidogo, maana lilitoka juani likapelekwa chini ya meza.

Chini ya meza lilikuta methali ikilingoja: penye udhia, penyeza rupia. Rupia ilikuwa fedha ya nchi yetu hadi mwaka 1920, na methali imeishi kuliko fedha yenyewe. Tena haisemi "toa" wala "lipa". Husema "penyeza", kama mtu apitishaye kitu katika ufa wa mlango.

Rushwa nalo ni neno la Kiarabu. Wanazuoni wa kale wa lugha ile walilihusisha na risha, yaani kamba ya ndoo, ile ambayo mtu huteremsha kisimani ayafikie maji. Hapo ndipo naona neno hili lakaribia sana ile zawadi yetu ya kondoo. Mwenye kamba hanywi siku ile anayoisuka. Aisuka mapema, aitundika, maana ajua iko siku atapata kiu.

Sasa twende kwa Musa. Neno la Kiebrania katika somo letu ni shohadi, na watafsiri wa Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 wakaliandika rushwa. Lakini neno hilo hilo liko katika 1 Wafalme 15:19, mfalme Asa alipochukua fedha na dhahabu iliyosalia katika hazina ya nyumba ya Bwana, akampelekea Ben-hadadi wa Dameski ili avunje agano lake na Baasha. Hapo Biblia yetu yasema zawadi. Siwalaumu watafsiri hao. Mfalme akimpelekea mfalme mwenzake, ni nani athubutuye kuita rushwa? Lakini Mwebrania alisikia neno moja tu mahali pote pawili, na msikilizaji wa Kiswahili asikia mawili. Tena lile tendo la Asa ndilo baya zaidi, kwa kuwa mali yenyewe ilitoka hekaluni.

Yakobo naye? Alipomwogopa Esau aliyekuja na watu 400, alitenga mbuzi, kondoo, ngamia, ng'ombe na punda, jumla 550 bila kuhesabu watoto wa ngamia, akawatanguliza kundi baada ya kundi, na nafasi kati ya kundi na kundi, ili hasira ya ndugu yake ilegezwe kidogo kidogo. Ni kazi ya mtu mjuzi wa kutoa! Katika Mwanzo 32 zawadi ile yaitwa minha, neno ambalo pia ni sadaka mbele za Mungu. Lakini katika mlango wa 33, ndugu hao wakiisha kulia shingoni, Yakobo abadili jina. Aiita beraka, ndugu wa neno letu baraka. Wanyama ni wale wale. Jana walitumwa kununua uso wa Esau. Leo uso umekwisha kupatikana bila kununuliwa, nao wanyama wanaweza kuwa zawadi kweli.

Basi jina la kitu hiki hutegemea kinachotarajiwa, na kinachotarajiwa kimefichwa moyoni. Hufichuka lini? Mara nyingi ni siku ile fadhila inapokosekana. Mwaka 1621, huko Uingereza, Francis Bacon, mwamuzi mkuu aliyesifika kwa akili, alishtakiwa bungeni kwa kupokea mali kutoka kwa watu wenye kesi mbele yake. Waliotangulia kulalamika ni wawili, Aubrey na Egerton. Walikuwa wametoa, kisha wakashindwa kesi! Kama wangalikuwa wametoa zawadi tu, wangalikuwa na lalamiko gani? Bacon alikiri mashtaka 28, akatozwa faini ya pauni 40,000, lakini hata mwisho alishika kwamba hakuiuza haki. Huenda alisema kweli kwa kadiri alivyojiona. Musa hakusema tu kwamba shohadi humnasa mwovu. Alisema hupofusha macho ya wenye hekima, na kipofu wa namna hii hana habari kwamba haoni.

Jirani zetu wa Tanzania walijaribu kulimaliza jambo hili kwa kutafuta jina la heshima. Mwaka 2000 sheria yao ya uchaguzi ilirekebishwa, ikasema kwamba anachotoa mgombea kwa nia njema, kama ukarimu wa desturi, hakitahesabiwa kuwa rushwa. Watu wakaliita takrima, neno litokalo katika kumheshimu mgeni. Uchaguzi wa mwaka 2000 na wa 2005 ulifanyika chini ya sheria hiyo. Ndipo mashirika ya kutetea haki yakaenda Mahakama Kuu, na mwaka 2006 vifungu hivyo vikatanguliwa kwa kuwa vilivunja katiba: mgombea maskini angetoa takrima gani mbele ya tajiri? Nami naongeza swali la mwanakijiji. Ukarimu gani huu unaonikumbuka mara moja kila miaka mitano?

Kwetu, Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 76, yasema kwamba zawadi apewayo afisa wa Serikali katika shughuli rasmi ni mali ya Jamhuri. Ni sheria nzuri, ila yamhusu mkubwa apokeaye. Haimgusi mkubwa atoaye, na hapo ndipo kanisa lilipo. Mwanasiasa aingia ibadani, aketishwa mbele, aombwa asalimie, naye aacha bahasha ya paa la kanisa. Mwaka 2024 vijana wa nchi hii waliliuliza jambo hilo hadharani, na kwa ukali. Novemba mwaka huo Askofu Mkuu Philip Anyolo wa Jimbo Kuu Katoliki la Nairobi alikataa mchango ambao Rais alikuwa ametoa kwa parokia moja ya Kayole, akaagiza urudishwe. Sisi Waprotestanti tuna mapaa mengi yaliyoezekwa kwa njia hiyo, na mzee wa kanisa anayeyatazama mabati yale ajua kama alipata kunyamaza kwa ajili yake. Bwana Yesu, katika Luka 14, alimwambia mwenye karamu awaalike wasioweza kumlipa. Mgeni wetu wa bahasha hakualika wasioweza kulipa. Alihesabu viti kwanza.

Nimalizie na Luka huyo huyo, katika Matendo 24. Liwali Feliki alimweka Paulo kifungoni Kaisaria. Alisikia Paulo akitaja sadaka aliyoileta kwa taifa lake, na tangu hapo akawa akimwita mara kwa mara kuzungumza, akitumaini kupewa kitu. Luka hataji hongo. Ataja fedha tu, na Paulo hakutoa. Ikapita miaka miwili. Feliki alipoondolewa akamwacha mfungwa ndani ili awapendeze Wayahudi, na hapa Luka atumia neno la Kiyunani la mtu awekaye amana: Feliki alitaka kuweka akiba ya fadhila. Sijaona jina lililo sawa zaidi na hilo kwa yule kondoo wa mwezi wa kwanza. Na akiba yenyewe ilikuwa mtu asiye na hatia.

Mwanahistoria Yosefo aliandika yaliyofuata. Feliki alipofika Roma, wakuu wa Wayahudi wa Kaisaria walimfuata huko huko wakamshtaki mbele ya Nero.