Bidoni ya manjano: kwa nini maji yenye klore inaharibika mu nyumba

Ku Goma, familia mingi inachota maji ya Ziwa Kivu na bidoni ya litre 20, ile ya manjano yenye ilikuja na mafuta ya kupikia. Wakati wa kolera, watumishi wa afya wanasimama ku mahali pa kuchotea na sirinji, wanatia klore ndani ya kila bidoni. Inaomba kungoja dakika 30 mbele ya kunywa. Lakini hata kazi hiyo ikifanywa vizuri, bidoni chafu inaweza kuiharibu.

Ukiingiza kidole ndani ya mdomo wa bidoni ya zamani, unasikia utelezi. Ule utelezi ni vijidudu vyenye vimejishikiza ku plastiki na kujifunika. Klore inaishia juu ya huo uchafu, na maji inabaki bila kinga. Ndiyo maana mama anaweza kuleta maji yenye klore, na kisha watoto wanahara.

Kusukutua na maji tupu hakutoshi. Watu wanatia mchanga ao vijiwe na sabuni, kisha wanatikisa kwa nguvu. Njia ni nzuri, ila vijiwe vya volkano vina makali: vinakwaruza plastiki, na mu mikwaruzo ndimo uchafu unajificha. Afadhali vijiwe laini vya mviringo ao vipande vya kitambaa. Kisha kusukutua mpaka povu iishe.

Kisha inakuja dawa. Kwa javeli ya kawaida, yenye nguvu ya karibu 5% na isiyo na marashi, kijiko kidogo kimoja kinatosha litre moja ya maji. Litre mbili zinaenea kwa bidoni moja: kufunga, kutikisa, kuigeuza kichwa chini ili na kifuniko kiguswe, kungoja nusu saa, kumwanga, kusukutua na maji safi. Hiyo ni dawa ya kuosha chombo, si ya kunywa. Na javeli haichanganywi na siki wala asidi ya kusafisha choo. Moshi yake inaumiza mapafu.

Kifuniko kinasahauliwa sana. Wengine wanaziba na mfuko wa plastiki ao kipande cha ndizi, na vumbi ya njiani inaingia.

Bidoni yenye ilibeba esansi, mazutu, rangi ao dawa ya kuua wadudu wa shamba haitumiwe kwa maji ya kunywa, hata ioshwe mara kumi. Plastiki inakunywa vile vitu na kuvirudisha pole pole.

Mu nyumba, bidoni ya maji ya kunywa iwe yake peke, isitumike ku kuoga ao kufua. Maji imwangwe ndani ya kikombe. Kikombe kisichovywe mu ndoo, sababu mkono unaingia pamoja nacho.