Nembo ya Kilimo Hai na Haki ya Mkulima Mdogo

Ndugu msikilizaji, wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Usemi huo ni kweli pale mnunuzi anapolijua shamba la muuzaji. Lakini chakula kikisafirishwa mbali, hakuna jicho liwezalo kutenganisha mchicha wa samadi na mchicha wa mbolea ya chumvichumvi. Hapo ndipo sheria inapohitajika.

Nchi tajiri zilijifunza hayo mapema. Wafanyabiashara walipogundua kwamba jina la kilimo hai hupandisha bei, wapo waliolibandika hata lisipostahili. Marekani ilitunga sheria mwaka 1990, na Jumuiya ya Ulaya mwaka 1991. Rasimu ya kanuni za Marekani ya mwaka 1997 haikufunga mlango hata kwa mbolea itokanayo na tope la maji machafu. Wananchi waliandika barua zaidi ya 200,000 kupinga, na serikali ikairekebisha. Kanuni hizo zilianza kutumika kikamilifu mwaka 2002.

Kwetu, pamba ya Meatu nchini Tanzania na ya Lango nchini Uganda ilikaguliwa tangu miaka ya 1990 kwa masharti ya wanunuzi wa ng'ambo. Mwaka 2007 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipata kiwango chake yenyewe, na alama ya Kilimohai ikazinduliwa Dar es Salaam. Mlaji wetu akapewa neno la lugha yake.

Hata hivyo, alama haina nguvu nje ya mipaka ya sheria yake. Tuitazame Malawi, nchi isiyo mwanachama wa Jumuiya hiyo. Dzaleka, wilayani Dowa, ilikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Banda, na mwaka 1994 ikawa kambi ya wakimbizi. Leo ina watu zaidi ya 50,000, wengi wao kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili kinasikika kila kona. Mwaka 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warejee kambini.

Basi mboga za Dzaleka zikifika Lilongwe, mwendo wa kilomita arobaini hivi, zitafika kwa mkono wa mchuuzi. Mkulima hayupo kueleza kwamba alitumia mboji tupu. Asipokuwa na nembo, jasho lake huuzwa kwa bei ya wote, na tapeli mwenye kalamu humshinda.

Lakini sheria inayodai mkaguzi wa gharama kubwa humfungia nje mnyonge huyo huyo. Afrika Mashariki imeonyesha njia: vikundi vya wakulima hukaguana vyenyewe kwa masharti yaliyoandikwa, na kustahili Kilimohai.

Ndugu msikilizaji, nembo ni ushahidi wa mtu asiyekuwapo sokoni. Serikali inayouhitaji ushahidi huo haina budi kuufanya upatikane kwa makabwela pia.