Mchanga Mweusi wa Upare

Mwanafunzi wa kemia akifundishwa kutengeneza chembe za nano za chuma, zisizozidi nanomita 100, hudhani ameingia katika elimu ya wageni watupu. Mimi nifundishaye historia siukubali mpaka huo.

Katika milima ya Upare, juu ya bonde la mto Pangani, wahunzi walikusanya mchanga mweusi ulioachwa na vijito. Mchanga huo ni magnetaiti, oksidi ya chuma inayovutwa na sumaku. Waliutia katika tanuri la udongo pamoja na mkaa, wakavukuta kwa mivukuto. Gesi ya mkaa iliipokonya oksidi ile oksijeni yake. Likabaki bonge la chuma la kufuliwa kwa nyundo, na takataka zikatoka kuwa mavi ya chuma. Wachaga walikinunua chuma hicho. Washana, ukoo wa wahunzi, waliitawala Ugweno mpaka walipopinduliwa na Wasuya. Pwani nako, al-Idrisi aliandika mwaka 1154 juu ya machimbo ya chuma ya Malindi na Mombasa, ingawa yeye alikuwa Sicily akisimuliwa tu.

Mwaka 1981 Mfaransa René Massart alieleza jinsi ya kuchanganya chumvi mbili za chuma na alkali hadi yapatikane mashapo meusi. Mashapo hayo ni magnetaiti ileile, ila kwa chembe ndogo mno. Wengine huzipokonya chumvi hizo chaji yake kwa dawa kali za maabara, au kwa maji ya majani ya chai, zao ambalo Usambara inalilima. Chembe hizo hutumika kusafisha maji yenye sumu.

Uzi ulikatikia wapi? Reli iliyoanzwa kujengwa Tanga mwaka 1893 ilipita chini ya milima hiyohiyo hadi Moshi, kwa vyuma vya Ujerumani. Majembe ya Ulaya yalikuja kwa bei ambayo tanuri la mkaa halikuiweza.

Mavi ya chuma yangali yametapakaa Upare, mashambani na kando ya njia. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, lakini umri wa rundo haujulikani kwa kulitazama. Afisa anayetia saini kibali cha kuchimba kifusi huko amwite kwanza mtaalamu wa akiolojia, kabla greda halijafika.