Tabu Osusa

Tabu Osusa ni mtunzi wa nyimbo, meneja wa bendi na mtayarishaji wa muziki kutoka nchini Kenya. Anafahamika zaidi kama mwanzilishi na mkurugenzi wa Ketebul Music, shirika lisilo la kibiashara la jijini Nairobi ambalo hurekodi, hutafiti na kuhifadhi muziki wa asili na muziki wa zamani wa Afrika Mashariki. Kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa waasisi wa Orchestra Virunga, na baadaye aliongoza kundi la Nairobi City Ensemble.

Sehemu kubwa ya kazi yake imefanyika nyuma ya wasanii wengine. Wapenzi wa muziki wanazijua sauti za Samba Mapangala, Makadem, Olith Ratego au Winyo, lakini jina la Osusa hulikuta katika maandishi madogo ya jalada, kama mtunzi, meneja au mtayarishaji. Hata hivyo, historia ya muziki wa Kenya tangu miaka ya 1980 ni vigumu kuieleza bila kumtaja.

Mazingira ya muziki jijini Nairobi

Katika miaka ya 1970 Nairobi ilikuwa kitovu cha biashara ya santuri katika Afrika Mashariki. Jiji lilikuwa na studio, kiwanda cha kuchapa santuri na maduka mengi ya muziki katika eneo la River Road. Wanamuziki walifika kutoka kila upande. Ndugu wa ukoo wa Kinyonga kutoka Tanga waliunda Simba Wanyika, na bendi kadhaa za Wakongo zilihamia kutoka Zaire, baadhi zikipitia Uganda.

Wakati huohuo wanamuziki Wajaluo walikuwa wamekuza mtindo wa benga, ambao gitaa lake hufuata mapigo ya nyatiti, ala yenye nyuzi nane. Mmoja wa wanabenga maarufu, Daniel Owino Misiani wa Shirati Jazz, alizaliwa Shirati, mkoani Mara, Tanzania, lakini alijipatia jina akiwa Kenya. Osusa aliingia katika kazi ya muziki wakati rumba ya Kikongo na benga zikigombea masikio ya wasikilizaji walewale.

Orchestra Virunga

Mwimbaji Samba Mapangala, mzaliwa wa Matadi nchini Kongo, alifika Nairobi mwaka 1977 akiwa na bendi ya Les Kinois iliyoanzia Uganda. Mwaka 1981 ilizaliwa Orchestra Virunga, iliyochukua jina la safu ya milima ya volkeno iliyo mpakani mwa Kongo, Rwanda na Uganda. Osusa alikuwa mmoja wa walioiasisi, akifanya kazi ya meneja na mtunzi.

Virunga ilichanganya rumba ya Kikongo na ladha ya wasikilizaji wa Kenya. Nyimbo ziliimbwa kwa Kilingala na Kiswahili. Mara nyingi zilianza kwa mwendo wa taratibu wenye kisa, kisha zikaingia katika sehemu ya pili ya kasi ambapo magitaa yalijibizana na saksafoni na wachezaji wakajaa ukumbini. Wimbo wa "Malako" ni kati ya zile zilizoipa bendi umaarufu mpaka nje ya Afrika.

Kazi ya meneja wa bendi katika kipindi hicho haikuwa ya ofisini tu. Bendi nyingi hazikumiliki vyombo vyake, bali zilitumia vya mwenye ukumbi, na mwanamuziki aliyeahidiwa malipo bora aliweza kuhamia bendi nyingine. Meneja alipatana na wenye kumbi na wenye studio, akahakikisha mazoezi yanafanyika na wanamuziki wanalipwa. Kwa Osusa, aliyekuwa pia mtunzi, haya yalikuwa mafunzo ya kazi aliyoifanya baadaye.

Kuanguka kwa biashara ya santuri

Katika miaka ya 1980 kaseti zilichukua nafasi ya santuri. Kaseti ilikuwa rahisi kunakiliwa, na nakala haramu zilienea sokoni kuliko nakala halali. Kampuni kubwa za kigeni zilipunguza shughuli zao Nairobi au zikaondoka kabisa. Kanda za awali za nyimbo nyingi zilipotea au kuharibika, na wanamuziki waliowahi kuuza santuri kwa wingi walizeeka bila mapato ya maana kutokana na kazi zao. Kizazi kilichokua katika miaka ya 1990 kilisikiliza zaidi rap na regge, na wengi hawakuwa na namna ya kuzisikia nyimbo za baba zao isipokuwa kwa bahati redioni.

Hali hii ndiyo iliyoelekeza nusu ya pili ya kazi ya Osusa. Amekuwa akitetea hoja kwamba msanii wa Kenya hawezi kupata sauti inayotambulika duniani kwa kuiga mitindo ya nje, bali kwa kuanzia katika ala, lugha na mapigo ya kwao.

Nairobi City Ensemble

Jaribio lake la kwanza la kuitekeleza hoja hiyo lilikuwa Nairobi City Ensemble, kundi lililotoa albamu za "Kaboum Boum" na "Kalapapla". Kundi hili lilichukua tuni za asili, hasa za Kijaluo, na kuzipanga upya kwa vyombo vya kisasa ili zichezeke kwa vijana wa mjini. Halikuwa bendi ya mwimbaji mmoja nyota, bali lilikusanya waimbaji na wapigaji chini ya mtunzi na mtayarishaji mmoja.

Ketebul Music

Osusa alianzisha Ketebul Music mwaka 2007. Neno "ketebul" ni la Kijaluo na lina maana ya vijiti vya kupigia ngoma. Studio yake ilikuwa katika kituo cha sanaa cha GoDown, kilichoanzishwa ndani ya ghala la zamani katika eneo la viwanda la Nairobi.

Wasanii

Miongoni mwa wasanii waliofanya kazi na Osusa na Ketebul ni:

- Makadem, aliyekuwa mwanamuziki wa kumbi za Mombasa kabla ya kugeukia ohangla na nyatiti. Albamu yake "Ohanglaman" ilitayarishwa pamoja na Osusa.
- Olith Ratego, mwimbaji wa mtindo wa dodo, ambao kwa desturi huimbwa na wanawake wa Kijaluo katika sherehe.
- Winyo, ambaye jina lake la kisanii lina maana ya ndege kwa Kijaluo. Anaimba benga ya taratibu kwa gitaa lisilo la umeme.
- Gargar, kundi la wanawake Wasomali kutoka Garissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya.

Ketebul pia ilishirikiana na Alliance Française ya Nairobi katika mradi wa "Spotlight on Kenyan Music", uliorekodi wasanii kutoka sehemu mbalimbali za nchi, wakiwemo wa jamii ambazo muziki wake ulikuwa haujawahi kufika studio za Nairobi.

Namna ya kurekodi

Kutayarisha muziki wa asili kuna ugumu wake. Nyatiti haifungwi kwa kufuata sauti maalumu za piano, bali mpigaji hukaza nyuzi kulingana na koo lake siku hiyo. Gitaa la besi na kinanda vikiingizwa baadaye, mtayarishaji lazima aamue ni nani amfuate mwenzake. Akimlazimisha mpigaji wa nyatiti afuate kinanda, wimbo hupoteza tabia yake. Akiacha kila kitu kama kilivyo, wasikilizaji wa redioni huenda wakaona vyombo havipatani. Vilevile mwimbaji wa kijijini huongeza au hupunguza mwendo kadiri watu wanavyocheza, jambo lisilokubaliana na mashine ya mapigo ya studio. Uamuzi wa namna hii haumfikii msikilizaji kama jambo la kuonekana, lakini ndio unaotofautisha rekodi iliyo hai na ile ya maonyesho kwa watalii.

Mfululizo wa "Retracing"

Mwaka 2008 Ketebul ilitoa "Retracing the Benga Rhythm", kifurushi chenye CD, filamu ya makala na kijitabu kuhusu historia ya benga. Watafiti waliwatafuta wanamuziki wazee au jamaa zao na kurekodi kumbukumbu zao. Kazi hiyo ilionyesha kwamba benga haikubaki kwa Wajaluo peke yao, kwani ilipokelewa na wanamuziki Wakikuyu na Wakamba na kuimbwa kwa lugha zao, na santuri zake zilisafiri hadi kusini mwa Afrika. Nchini Zimbabwe mtindo huo uliitwa "kanindo", kutokana na jina la mtayarishaji Mkenya Phares Oluoch Kanindo, aliyezisambaza. Hivyo mtayarishaji aliyekuwa nyuma ya wanamuziki aliupa muziki wenyewe jina lake katika nchi ya mbali.

Mwaka 2010 ilifuata "Retracing Kikuyu Popular Music", kuhusu muziki wa Wakikuyu. Mwaka 2011 ilitoka "Retracing Kenya's Funky Hits", iliyorudisha kumbukumbu ya wanamuziki wa funk na soul kama Slim Ali, Steele Beauttah na Ishmael Jingo. Kazi nyingine ilihusu nyimbo za upinzani na siasa tangu uhuru wa mwaka 1963 hadi 2013. Mwaka 2017 Ketebul ilichapisha kitabu "Shades of Benga", kinachoeleza historia ya muziki wa Kenya kuanzia 1946 hadi 2016.

Singing Wells na kurudishwa kwa "Chemirocha"

Mwaka 2011 Ketebul na Abubilla Music ya London zilianza mradi wa Singing Wells. Jina lake linakumbusha desturi ya wafugaji wa kaskazini mwa Kenya ya kuimba wakati wa kuteka maji visimani. Badala ya kuwaita wanamuziki wa vijijini waende Nairobi, mradi hubeba vipaza sauti, kompyuta na kamera hadi kijijini na kurekodi palepale. Mradi umefanya kazi nchini Kenya na pia katika nchi jirani kama Uganda na Rwanda.

Ketebul ilishiriki pia kurudisha rekodi za Hugh Tracey (1903–1977), mtafiti aliyezunguka Afrika akirekodi muziki na kuanzisha maktaba ya kimataifa ya muziki wa Afrika nchini Afrika Kusini mwaka 1954. Mwaka 1950 Tracey alirekodi Wakipsigis wakiimba wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo ni matamshi ya Kikipsigis ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa muziki wa kijijini wa Marekani, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika Bonde la Ufa. Rekodi hiyo ilijulikana kwa wasikilizaji wa Ulaya na Marekani, ilhali kijijini ilikotoka haikuwepo. Zaidi ya miaka 60 baadaye nakala zilipelekwa huko, na baadhi ya watu wa wakati ule walikuwa bado hai kuzisikia.

Suala la haki za watunzi

Kazi ya Osusa inagusa swali ambalo halijapata jibu kamili katika Afrika Mashariki: wimbo wa asili ni mali ya nani? Sheria ya hakimiliki humlinda mtunzi anayejulikana, lakini wimbo wa dodo au wa visimani hauna mtunzi mmoja. Msanii akiupanga upya na kuurekodi, jina lake ndilo huandikwa, na mirabaha ikipatikana huenda kwake. Mwaka 2016 Kenya ilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, inayozitambua jamii kama wenye haki. Ili jamii iweze kudai haki hiyo, inasaidia sana kuwa na ushahidi wa nani aliimba nini, wapi na lini. Kumbukumbu za Ketebul ni sehemu ya ushahidi huo.

Kazi teule

- "Kaboum Boum" (Nairobi City Ensemble)
- "Kalapapla" (Nairobi City Ensemble)
- "Ohanglaman" (Makadem)
- "Retracing the Benga Rhythm" (2008)
- "Retracing Kikuyu Popular Music" (2010)
- "Retracing Kenya's Funky Hits" (2011)
- "Shades of Benga" (kitabu, 2017)

Tazama pia

- Benga
- Nyatiti
- Samba Mapangala
- Daniel Owino Misiani
- Muziki wa Kenya