Kibanda cha Juu ya Nelion

Mwongozaji wetu hakutuuliza kama tuko tayari. Alituhesabu. Ilikuwa saa kumi alfajiri, Desemba 2024, nje ya Austrian Hut, karibu mita 4,790 juu ya usawa wa bahari, na maji ya chupani mwangu yalikuwa yameganda shingoni hata hayamiminiki. Alimmulika kila mmoja usoni kwa tochi ya kichwani, akataja namba, mpaka akafika saba. Ndipo akageuka na kuanza kupanda kuelekea Lenana, kwa hatua fupi za mtu anayeujua urefu wa njia, nasi tukafuata.

Desturi hiyo ya kuhesabiana tuliianza wenyewe mwezi wa Septemba, huko Satima. Kundi letu halina jina wala katiba. Ni watu saba wa Nairobi: mwalimu, wauguzi wawili, fundi wa umeme, mhasibu, mwanafunzi, na mimi ninayeandika. Tulipeana ahadi ya mwaka mmoja wa vilele. Januari tuliuzunguka ukingo wa kreta ya Longonot, Februari tukavipita vilima vya Ngong upepo ukitupiga ubavuni, Machi tukapanda Ol Donyo Sabuk, mlima ambao wengi wetu tumezoea kuuita Kilimambogo. Aprili hatukwenda popote. Mvua za mwaka ule kila Mkenya anazikumbuka. Alfajiri ya Aprili 29 maji yalishuka Mai Mahiu, njia ile ile tuliyopita tukienda Longonot, yakazoa nyumba na watu waliokuwa usingizini. Mei tulirudi huko na blanketi na unga badala ya fimbo. Tulipoanza tena kupanda mwezi wa Julai, tulikuwa watu watulivu zaidi.

Satima ndicho kilele kirefu kuliko vyote vya Nyandarua, mita 4,001. Ukungu ulishuka tukiwa katikati ya nyasi zile zinazoota kwa mafungu, ambazo kila hatua ni lazima uchague utaruka au utazunguka. Kwa dakika arubaini hatukumwona mwanafunzi wetu. Tuliita, tukarudishiwa sauti zetu wenyewe. Tulimkuta amejikunyata nyuma ya jiwe, mita hamsini tu kutoka njiani, akiimba kwa sauti ya chini ili asisinzie. Muuguzi mmoja alimvua glovu na kuvisugua vidole vyake bila kusema neno. Tangu siku ile hatuondoki mahali bila kuhesabu.

Nimeanza na hayo kwa sababu mwaka huo huo wetu ndio Mountain Club of Kenya ilitimiza miaka 75, na kila ninapoisoma historia ya chama hicho naona jambo lile lile: watu wanaorudi kumtafuta mwenzao, na watu wanaomwachia makao mgeni wasiyemjua. Sisi saba si wanachama. Lakini mwaka mzima tulitembea juu ya kazi yao. Wao ndio waliochapisha kitabu cha mwongozo cha Mlima Kenya na Kilimanjaro, na sehemu kubwa ya wanayoyajua waongozaji kuhusu njia za kamba ilipita kwanza mikononi mwao.

Mlima wenyewe haukungoja chama. Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, anakokaa Ngai, na Wameru na Waembu nao wameuelekea kwa maombi vizazi na vizazi. Ni kutoka nchi ya Wakamba, Kitui, ambako Johann Ludwig Krapf aliuona mwaka 1849, na jina alilolisikia huko ndilo nchi yetu inalolibeba hadi leo. Halford Mackinder alipofika mwaka 1899, msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waongozaji 2 wa Kimaasai. Septemba 13 yeye na waongozaji wawili wa Alpi, César Ollier na Joseph Brocherel, walisimama juu ya Batian. Vilele vikapewa majina ya malaibon, viongozi wa kiroho wa Kimaasai: Batian mita 5,199, Nelion 5,188, Lenana 4,985. Vitabu vinawataja hao watatu wa kileleni. Wale waliobeba mahema na chakula katika mwaka wa njaa kubwa, katika nchi ambayo wenyeji wenyewe hawakuwa na nafaka ya kuuza, wamebaki idadi tu. Ninawataja kila ninapopata nafasi, hata kama ni kwa idadi.

Miaka thelathini ilipita kabla ya mtu mwingine kufika Batian. Mwaka 1929 Eric Shipton na Percy Wyn Harris walipanda Nelion, wa kwanza kufanya hivyo, wakavuka hadi Batian. Miaka ya 1930 wapandaji wa Kenya na Tanganyika walikuwa na chama kimoja, Mountain Club of East Africa, na jarida lao lililoitwa Ice Cap. Mwaka 1943 wafungwa watatu wa Kiitalia, Felice Benuzzi, Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti, walitoroka kambi ya Nanyuki na vyuma vya barafu walivyojifulia wenyewe. Wawili wao wakafika Lenana, wakasimika bendera yao, kisha wote wakarudi kambini kwa miguu yao na kujisalimisha. Hao hawakuwa wanachama wa kitu chochote. Ila sijui mpandaji wa Kenya asiyewahesabu kuwa ndugu.

Mwaka 1949 chama kiligawanyika. Upande wa Kenya ukawa Mountain Club of Kenya, na mwaka huo huo mlima ukatangazwa kuwa hifadhi ya taifa. Nguzo ya chama katika miaka ya mwanzo ilikuwa Arthur Firmin, mpiga picha wa Nairobi, ambaye mwaka 1944 pamoja na Peter Hicks alikuwa ameifungua njia ya upande wa kaskazini wa Batian inayopandwa hadi leo. Firmin alikufa mwaka 1955 baada ya ajali huko Himalaya, akiongoza kundi dogo kutoka Kenya lililokwenda kuujaribu mlima Himalchuli. Miaka hiyo hiyo misitu ya chini ya Mlima Kenya ilikuwa uwanja wa vita vya Mau Mau. Chama kilikuwa cha Wazungu katika nchi ya kikoloni, na historia yoyote ya kukienzi isiposema hivyo waziwazi haimtendei haki mtu yeyote.

Ndiyo maana usiku wa Desemba 12, 1963, una uzito wake. Bendera iliposhushwa na nyingine kupandishwa Nairobi, Kisoi Munyao alikuwa Lenana na wapandaji wenzake, akiisimika bendera ya Kenya huru kwenye theluji. Sisi tuliosoma shule za msingi za Kenya tunaijua picha yake kabla hatujajua mlima uko upande gani. Alifariki mwaka 2007.

Halafu ukaja mwaka 1970, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo.

Mapema mwaka huo Ian Howell, mwanachama wa Mountain Club of Kenya, aliamua kuwa kilele cha Nelion kinahitaji kibanda. Kufika Nelion si kutembea. Kwa njia ya kawaida ya kusini-mashariki ni siku nzima ya kamba na mwamba, na aliyecheleweshwa na theluji kule juu alikuwa analala nje. Ndege ilidondosha vipande vya kibanda kwa miavuli juu ya barafu ya Lewis. Kutoka hapo Howell alivibeba mgongoni, peke yake, akaipanda Nelion mara 13 mpaka vyote vikafika, akaviunganisha. Watu wachache wakijibana wanaenea ndani. Nimejaribu kuiwaza safari ya tano, au ya tisa, mtu akishuka mikono mitupu anajua kesho anarudi na ubao mwingine kwa ajili ya watu ambao bado hawajaamua hata kupanda.

Septemba ya mwaka huo madaktari wawili wa Austria, Gert Judmaier na Oswald Oelz, walikuwa wanashuka kutoka Batian. Jiwe alilolishika Judmaier lilichomoka, akaanguka, mguu ukavunjika na mfupa ukatokeza nje. Oelz alimfunga jeraha, akamwacha na chakula kidogo walichokuwa nacho, akashuka kuomba msaada, kisha akapanda tena kukaa naye. Kenya haikuwa na kikosi cha uokoaji kilichofunzwa kazi hiyo. Waliokwenda ni watu wa Klabu, walioacha kazi zao Nairobi wakaja na kamba zao wenyewe. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alijaribu kufikisha vifaa kwa helikopta, ikaanguka, akafa. Baba yake Judmaier akawatafuta waokoaji wa Innsbruck, wakasafirishwa kwa ndege hadi Kenya, na baada ya zaidi ya wiki moja mwambani Judmaier alishushwa akiwa hai.

Austrian Hut, ambako tulikunywa chai ya usiku kabla ya kuhesabiwa, ni shukrani ya Waaustria kwa siku hizo. Nilipoambiwa habari hiyo na mwongozaji wetu, vikombe vikiwa mikononi, niliushika ukuta kwa kiganja. Ni ukuta wa kawaida wa kibanda cha milimani, wenye harufu ya mafuta ya taa na soksi zilizolowa. Niliushika hata hivyo.

Msiba ule ulizaa kikosi cha uokoaji cha hifadhi, cha askari wanyamapori waliofunzwa mwamba na barafu. Mmoja wao alikuwa Thumbi Mathenge. Oktoba 1973 yeye na Phil Snyder walikuwa wa kwanza kuupanda Diamond Couloir, ule mfereji wa barafu unaoshuka kutoka kati ya Batian na Nelion, ambao kwa miaka mingi wapandaji wa dunia nzima walikuwa wakija Kenya kwa ajili yake tu. Jina la Mkenya mweusi limo katika kumbukumbu ya mojawapo ya njia ngumu na nzuri za mlima huu, na ningependa watoto walijue pamoja na lile la Kisoi Munyao.

Barafu yenyewe inaondoka. Lewis, iliyopokea ile miavuli ya Howell, imepoteza sehemu kubwa mno ya ujazo wake tangu ilipopimwa mwaka 1934, na jirani yake Gregory haipo tena. Sehemu ya chini ya Diamond Couloir, walipopita Mathenge na Snyder, imeyeyuka kiasi kwamba njia ile haipandiki tena kama zamani. Kutoka mlangoni pa Austrian Hut niliitazama Lewis jioni ile. Ilikuwa ya kijivu, imejaa vumbi na mawe, na ukingo wake ulikuwa unadondosha maji. Mzee wetu, yule mwongozaji, alinionyesha kwa fimbo mahali alipokuwa akiikanyaga barafu alipoanza kazi ya upagazi. Palikuwa mwamba mtupu. Hakusema zaidi, akaingia ndani.

Kuna jambo moja la mlima huu ambalo lilitupangia kalenda bila sisi kujua. Uko karibu kabisa na ikweta, kwa hiyo una misimu miwili kwa wakati mmoja. Jua likiwa kaskazini, katikati ya mwaka, mwamba wa kaskazini hukauka na wa kusini huganda. Desemba hadi Machi mambo hugeuka. Vitabu vya Klabu vilikuwa vimeliandika hilo zamani, kwa uzoefu wa watu waliopanda wakati mbaya wakarudi kueleza. Sisi tulichagua Desemba kwa sababu ya likizo, na tukapita njia ya Naro Moru: Met Station, kile kinamasi kilichosimama kama ngazi ambacho kilimmeza fundi wetu wa umeme hadi magotini, kisha bonde la Teleki na lobelia zake na pimbi wasioogopa mtu, wanaokuja kukagua sufuria.

Klabu bado ipo. Nyumba yake iko uwanja wa ndege wa Wilson, na Jumanne jioni wanachama hukutana huku ndege ndogo zikiruka karibu. Lukenya, mwendo mfupi kutoka jijini, ndiko wengi wao walikofungiwa kamba kwa mara ya kwanza.

Tulifika Lenana anga ikianza kuwa nyekundu upande wa Meru. Kusini kabisa, kama doa la wingu lililokataa kusogea, ilionekana Kilimanjaro. Mhasibu wetu, mtu asiyependa kugusana, alimkumbatia mwalimu akalia. Mwanafunzi aliuliza, "Mzee, hapa ndipo aliposimama Munyao?"

"Hapa hapa, kijana."

Mbele yetu, ng'ambo ya barafu, Nelion ilikuwa imeanza kushika jua, kwanza ncha, kisha mabega. Mwongozaji alinyoosha fimbo. "Kile kibanda kiko pale juu."

"Kina kufuli?" muuguzi akauliza.

"Hakina. Ukifika, unaingia."

Tulinyamaza tukitazama. Fundi wa umeme ndiye aliyesema kile ambacho kila mmoja alikuwa anakiwaza, kwamba sisi hatujui kamba.

"Basi mwakani mjifunze kamba," mzee alisema. Alitazama jua, akatazama mteremko wa changarawe uliokuwa bado umeshikana kwa baridi, akaanza kutumulika usoni tena ingawa kulikuwa kumepambazuka. "Moja. Mbili. Tatu." Alipofika saba alizima tochi. "Haya, tushuke kabla changarawe haijalainika."